Vijana wa Mijini na Dawa za Kulevya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ndiyo ambayo wazazi, walimu na vijana wenyewe huyauliza zaidi kuhusu madhara ya dawa za kulevya na vilevi vingine. Majibu yanatenganisha kilevi kimoja na kingine kwa makusudi. Kijana anayeambiwa kwamba kila kitu kinaua kwa namna ileile, kisha akamwona rafiki yake akivuta bangi jioni na asubuhi yupo darasani, huacha kusadiki hata lile onyo ambalo lingemwokoa.

Tunaposema dawa za kulevya, tunamaanisha zipi?

Ni kitu chochote kinachoingia mwilini kikabadili utendaji wa ubongo, na kwa hiyo hisia, fahamu au mwenendo wa mtu. Orodha haiishii kwenye heroini, kokeini, bangi na mirungi. Pombe na tumbaku zimo, dawa za hospitali zinazomezwa bila agizo la daktari zimo, na gundi inayonuswa imo pia. Sheria huruhusu baadhi na kukataza nyingine, lakini ruhusa ya sheria haipimi madhara. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani, ilhali dawa nyingine za kulevya zilisababisha vifo vipatavyo 600,000. Tofauti hiyo inatokana kwa sehemu kubwa na wingi wa wanywaji, lakini inatosha kumfanya mzazi anayepekua mifuko ya mwanawe akitafuta kete za dawa, huku jokofu lake limejaa bia, afikiri upya.

Kwa nini vijana wa mijini hutajwa zaidi kuliko wengine?

Vijijini pia watu hulewa, na mahali pengine hulewa sana. Hata hivyo, mjini muuzaji yuko karibu na mzigo hugawanywa vipande vidogo vidogo mpaka bei yake imfikie hata asiye na kipato cha kueleweka. Mjini pia kijana anaweza kulewa mtaa wa pili asikutane na mtu yeyote anayemfahamu baba yake, jambo ambalo kijijini ni gumu.

Kuna sababu nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha, nayo ni kazi. Vibarua vya usiku, ulinzi, kubeba mizigo na udereva wa saa nyingi humfanya kijana atafute kitu cha kumkesha au cha kumtoa maumivu ya mgongo, na wengi walioanza hivyo hawakuwa wakitafuta starehe hata kidogo. Kwa upande mwingine yupo asiye na kazi kabisa, ambaye kijiwe ndicho mahali pekee anapopokewa bila kuulizwa maswali. Watu hupenda kusema kwamba tatizo ni makundi mabaya, na ni kweli kwamba kilevi cha kwanza kwa kawaida hutoka mkononi mwa rafiki, lakini anayeendelea kutumia baada ya ule udadisi wa mwanzo mara nyingi ana jambo analolituliza: kipigo cha nyumbani, msiba, kudhalilishwa, au sonona ambayo haijawahi kutibiwa.

Umri wa kuanza una uzito gani?

Una uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kazi yake ni kupima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi umri wa miaka 25 hivi, wakati sehemu zinazotafuta raha zimekwisha kuwa na nguvu tangu balehe. Vilevi huongeza dopamini, kemikali inayouambia ubongo kwamba jambo hili lina maana, lirudie. Kadiri kipimo kinavyorudiwa ndivyo ubongo unavyopunguza mwitikio wake, hadi mambo ya kawaida kama mpira, muziki au mazungumzo na ndugu hayaleti tena furaha, na kipimo cha jana hakitoshi leo. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba walioanza kunywa pombe kabla ya miaka 15 walikuwa na uwezekano wa kuwa tegemezi wa pombe karibu mara nne zaidi ya wale walioanza wakiwa na miaka 21. Takwimu hiyo haithibitishi kwamba umri peke yake ndio sababu, kwani wanaoanza mapema huwa pia na matatizo mengine nyumbani, lakini kuchelewesha unywaji wa kwanza ni miongoni mwa mambo machache ambayo mzazi anaweza kuyafanyia kazi.

Bangi ni jani tu la asili. Kweli ina madhara?

Asili ya kitu haisemi lolote kuhusu usalama wake. Tumbaku nayo ni jani. Ni kweli kwamba bangi peke yake ni nadra kuua kwa kuzidisha kiasi, na anayemwambia kijana kinyume chake atashikwa kwa urahisi. Madhara yake yako kwingine. Kumbukumbu ya muda mfupi na umakini hupungua, na kwa anayevuta kila siku hali hiyo haiishi jioni inapoisha, bali humfuata darasani kesho yake. Uwezo wa kuendesha chombo cha moto hushuka. Inakadiriwa kwamba takriban mtumiaji mmoja kati ya kumi huwa tegemezi, na kwa walioanza wakiwa katika ujana wao wa mapema uwiano hukaribia mmoja kati ya sita.

Hatari inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni ya akili. Kemikali iitwayo THC, ambayo ndiyo inayolevya, inaweza kumfanya mtu asikie sauti, ashuku kwamba anafuatiliwa, au apoteze mpangilio wa mawazo. Kwa wengi hali hiyo huisha baada ya saa au siku chache, lakini kwa kijana anayevuta kila siku bangi yenye nguvu, hasa ambaye familia yake ina historia ya ugonjwa wa akili, uwezekano wa ugonjwa unaodumu huongezeka. Kijana ambaye baada ya kuvuta huanza kufunga mapazia na kusema majirani wanamzungumzia hapaswi kuambiwa apunguze. Anapaswa kuacha na kuonwa na mtaalamu wa afya ya akili.

Heroini hufanya nini hadi mtu ashindwe kuiacha?

Mwanzoni huleta utulivu mzito. Mtumiaji husinzia akiwa amesimama, magoti yakilegea taratibu, kichwa kikishuka hadi karibu na kifua bila yeye kuanguka. Kwa matumizi ya kila siku, mwili huzoea ndani ya wiki chache, na kuanzia hapo mtu hatumii tena ili ajisikie vizuri. Anatumia ili asiumwe.

Maumivu hayo, ambayo mitaani huitwa arosto, huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya kipimo cha mwisho. Dalili za kwanza zinafanana na mafua: miayo mfululizo, machozi, kamasi, vinyweleo kusimama. Kisha huja maumivu ya mifupa, tumbo kukata, kuhara, kutapika, kukosa usingizi na miguu kurusharusha yenyewe usiku kucha. Kwa kawaida hali hiyo huchukua siku 4 hadi 10. Kwa mtu mwenye afya njema arosto ya heroini mara chache huua yenyewe, isipokuwa akipoteza maji mengi bila kuyarudisha, lakini anayeipitia yuko tayari kufanya karibu lolote ili ikome. Hapo ndipo panapozaliwa wizi wa vitu vya nyumbani, uongo wa kila siku na kuuza mwili, na ndugu wanaoyaona hayo kama kukosa shukrani hawajaona bado kinachoyasukuma.

Dawa za duka la dawa zina ubaya gani, ikiwa madaktari huziandika?

Daktari huziandika kwa kipimo, kwa muda, na kwa mgonjwa anayemfahamu. Tramado, dawa ya maumivu inayopendwa na vijana wengi wa kazi ngumu, ikizidishwa inaweza kuleta degedege hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Dawa za kikohozi zenye kodeini hugeuzwa na ini kuwa mofini, dawa kali ya maumivu ya jamii moja na heroini, na baadhi ya watu huigeuza haraka kiasi kwamba kipimo kisichomdhuru mwenzao huwadhuru wao. Vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu huondoa kumbukumbu ya usiku mzima, na ndiyo maana hutumiwa na wahalifu kuwawekea watu kwenye vinywaji.

Hata hivyo, kinachoua zaidi ni mchanganyiko. Heroini au tramado, vidonge vya usingizi na pombe, kila kimoja hupunguza kasi ya pumzi, na vikikutana hupunguza zaidi ya mtumiaji anavyotarajia. Vijana wengi hawatumii kilevi kimoja. Huchanganya kinachopatikana siku hiyo. Kama kuna onyo moja linalofaa kurudiwa mara nyingi kuliko yote, ni hili.

Je, shisha ni afadhali kuliko sigara?

Hapana. Maji huupoza moshi lakini hayausafishi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu anayevuta shisha kwa saa moja anaweza kuvuta moshi mwingi mara 100 au zaidi ya ule wa sigara moja, na mkaa unaochoma tumbaku huongeza gesi ya kaboni monoksidi. Mrija unaozunguka mdomo kwa mdomo una mambo yake pia.

Pombe ya wikiendi tu ina shida gani?

Kijana anayekunywa Ijumaa na Jumamosi pekee anaweza asiwe mraibu, lakini kunywa chupa nyingi kwa saa chache ndiyo aina ya unywaji inayowapeleka vijana hospitalini: ajali za barabarani, ugomvi, ngono isiyo na kinga na isiyo na ridhaa, na kupaliwa na matapishi usingizini. Anayekoroma kwa sauti isiyo ya kawaida, asiyeamka hata akifinywa, hajalala. Amelewa sumu na anahitaji kupelekwa kutibiwa.

Pombe ya kienyeji iliyochakachuliwa ina hatari ya pekee. Wauzaji wengine huongeza methanoli, kemikali ya viwandani ambayo ini huigeuza kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho. Dalili huchelewa, wakati mwingine hadi siku nzima, na mnywaji hudhani ni uchovu wa kawaida wa kuamkia pombe mpaka anapoanza kuona ukungu. Kuona ukungu baada ya kunywa ni dharura, kwa sababu tiba ipo na hufanya kazi vizuri zaidi inapoanza mapema.

Watoto wanaonusa gundi wanapata nini?

Wanapata kusahau njaa na baridi kwa muda mfupi. Gharama yake ni ubongo, mishipa ya fahamu, ini na figo kuharibika taratibu, na katika hali nyingine moyo kusimama ghafla, hata kwa aliyenusa mara ya kwanza. Ni kilevi cha maskini kuliko wote, na hakuna kampeni ya vipeperushi itakayomfikia mtoto anayelala nje. Anahitaji kwanza mahali pa kulala.

Ni magonjwa gani huambatana na matumizi ya dawa za kulevya?

Kwa wanaojidunga, kuchangia bomba la sindano huhamisha VVU na homa ya ini aina ya B na C. Kirusi cha homa ya ini C huambukiza kwa damu kwa urahisi kuliko VVU, na hata pamba au kijiko kilichotumika kwa pamoja kinaweza kukipitisha. Homa ya ini B ina chanjo. Aina ya C haina chanjo lakini inapona kwa vidonge vinavyomezwa kwa wiki 8 hadi 12, na ndiyo sababu ya kupima. Majipu kwenye sehemu za kudunga, mishipa iliyozibika na maambukizi ya vali za moyo ni mambo ya kawaida katika kundi hili. Kifua kikuu nacho huenea upesi mahali ambapo watu wengi huvutia ndani ya chumba kimoja kisicho na dirisha, na dalili zake huchelewa kutambuliwa kwa sababu kila mvutaji hukohoa.

Masomo na kazi huathirikaje?

Mara chache kijana huacha shule kwa siku moja. Huanza kuchelewa, halafu vipindi vya asubuhi vinampita, halafu mtihani mmoja, na kufikia wakati barua inapokuja nyumbani yeye amekwisha kujiona kuwa si mwanafunzi. Kazini ni hivyohivyo. Hasara kubwa ya uraibu wa ujana ni miaka yenyewe: kati ya miaka 16 na 25 wenzake wanajifunza ufundi, wanajenga sifa ya kuaminika na kufahamiana na watu wa kuwapa kazi, na anayepata nafuu akiwa na miaka 28 hujikuta na afya iliyorudi lakini bila cheti, bila mdhamini, na pengine akiwa na rekodi ya jela inayomfungia milango. Kituo cha tiba kisichofundisha kazi ya mikono humrudisha mtu kijiweni kwake, kwa sababu hana pengine pa kwenda saa nne asubuhi.

Je, wasichana huathirika tofauti?

Ndiyo. Kwa uzito uleule na chupa zilezile, kiwango cha pombe katika damu ya mwanamke huwa juu zaidi kwa kuwa mwili wake una maji machache. Wanawake wengi pia huvuka haraka kutoka matumizi ya kawaida hadi utegemezi. Heroini inaweza kusimamisha hedhi, na msichana akadhani hawezi kushika mimba, au akaishi na mimba kwa miezi mingi bila kujua. Mjamzito anayetumia heroini hapaswi kuikatiza ghafla peke yake, kwa sababu arosto inaweza kuhatarisha mimba; tiba inayopendekezwa ni methadoni au buprenofini, dawa zinazotolewa badala ya heroini, chini ya uangalizi. Pamoja na hayo, huduma nyingi zimepangwa kwa kuwafikiria wanaume. Mama hawezi kuingia kituo cha kulala asikoruhusiwa kwenda na mtoto, na aibu inayomwangukia ni kubwa kuliko ya kaka yake anayetumia kitu kilekile.

Nitajuaje kwamba kijana wangu anatumia?

Hakuna dalili moja inayotosha, na macho mekundu yanaweza kuwa vumbi au usingizi. Kinachofaa kuangaliwa ni mabadiliko yanayokuja pamoja: marafiki wapya ambao hawaingii ndani, fedha ndogondogo na vitu vinavyopotea kama pasi, chaja au simu ya mdogo wake, kukaa chooni muda mrefu, kuvaa mikono mirefu wakati wa joto, mboni za macho zilizosinyaa kama ncha ya kalamu au zilizotanuka kupita kiasi, na hamu ya mambo aliyoyapenda kufifia. Muulize akiwa hajalewa, faraghani, bila mashahidi wa ukoo. Kumweleza ulichokiona na unachokihofia hupata jibu mara nyingi kuliko kumuuliza kwa nini anawaaibisha.

Mtu akizidisha kiasi, tufanye nini kabla ya kufika hospitali?

Kwa heroini, tramado na dawa za jamii yake, tazama pumzi. Mtu anayepumua mara chache sana au kwa mkoromo wa kugugumia, midomo na kucha zikiwa zimegeuka rangi ya kijivu au buluu, na asiyeitika ukimwita kwa sauti au kumsugua kifuani kwa ngumi, yuko katika hatari ya dakika chache. Omba msaada wa haraka, na kama pumzi imesimama au ni hafifu mno, mpulizie pumzi mdomoni ukiwa umemziba pua. Anayepumua lakini hana fahamu alazwe ubavu ili matapishi yasimpalie. Naloksoni, inayotolewa kwa sindano au kupuliziwa puani, hurudisha pumzi ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake huisha baada ya dakika 30 hadi 90, wakati dawa aliyotumia inaweza kuwa bado imo mwilini. Kwa hiyo aliyezinduka asiachwe peke yake. Usimmwagie maji baridi, usimpe maziwa, usimtembeze, na usimlazimishe kutapika. Wengi hufa kwa sababu wenzao walikimbia wakiogopa kukamatwa.

Je, kumfungia chumbani hadi iishe kunasaidia?

Kwa mlevi mkubwa wa pombe au wa vidonge vya usingizi, kumkatizia ghafla kunaweza kumuua. Degedege huweza kutokea kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho, na kuweweseka kukali kunakoambatana na homa na mapigo ya moyo kwenda mbio huja siku ya pili hadi ya nne. Hawa wanahitaji kuachishwa na wahudumu wa afya kwa kupunguziwa taratibu. Minyororo, viboko na maombi ya kulazimishwa havijaonyesha kuponya uraibu. Vinamfundisha mtu kutoroka.

Methadoni si kubadilisha kilevi kimoja kwa kingine?

Swali hili ni la haki. Methadoni nayo ni ya jamii ya mofini, na anayeitumia mwili wake bado unaitegemea. Tofauti iko katika maisha anayoyaishi: hunywewa mara moja kwa siku, hukaa mwilini kwa saa 24 au zaidi, haileti ule mruko wa haraka, haihitaji sindano, na kipimo chake kinajulikana. Aliyetumia saa zake zote kutafuta fedha ya kete ijayo anapata siku nzima ya kufanya jambo jingine. Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni pamoja na buprenofini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005, na vifo miongoni mwa wanaoendelea na tiba hii ni vichache kuliko miongoni mwa walioiacha. Haina kazi kwa kokeini, bangi wala pombe. Kwa vilevi vya kusisimua kama kokeini, msingi wa tiba ni ushauri nasaha wa muda mrefu.

Tiba inapatikana kwa kiasi gani?

Kwa kiasi kidogo. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 64 duniani walikuwa na matatizo ya kiafya yatokanayo na dawa za kulevya, na mmoja tu kati ya kila 11 alikuwa akipata tiba.

Alikaa miezi bila kutumia, kisha amerudia. Je, tumepoteza kila kitu?

Kurudia ni sehemu ya kawaida ya ugonjwa huu, kama ilivyo kwa mgonjwa wa shinikizo la damu ambaye huacha dawa akadhani amepona. Kinachotakiwa ni kuuliza kilichotokea katika wiki zilizotangulia, kwa maana kurudia huwa na chanzo kinachoweza kutajwa: mshahara wa kwanza, ugomvi, kukutana na rafiki wa zamani kwenye kona ileile. Mpango wa tiba hubadilishwa kufuata jibu hilo.

Jambo la hatari katika kurudia ni kipimo. Mwili uliokaa wiki chache bila heroini hupoteza mazoea yake, na kiasi alichokuwa akikimudu zamani sasa kinaweza kusimamisha pumzi. Ndiyo maana siku za mwanzo baada ya kutoka jela, hospitali au nyumba ya nafuu, yaani makazi ya waraibu wanaoacha dawa, huwa na vifo vingi kuliko wakati mwingine wowote. Familia inayompokea ielezwe hili kabla hajafika, imwambie naye waziwazi, izitambue dalili za pumzi kupungua, na pale ambapo naloksoni inapatikana, iwe nayo nyumbani siku hiyohiyo anaporudi.